Gunia Hakuliwa

Mwende mwanangu,

Shangazi yako ameshakuambia yote ya kuambiwa. Ndoo uiandike jina kwa rangi, sabuni usiazimishe, na tumbo likikuuma uende kwa matroni mapema, usingoje mpaka ulie. Sina la kuongeza hapo. Yeye amelea watoto wanne, mimi nimelea viti na meza. Kwa hiyo barua hii haina habari za ndoo.

Nakuandikia nikiwa nje hapa kwenye korido ya ploti hii ya vyumba vya kupanga, nimekalia sanduku lako la bati, na jua bado lipo. Ninyi mko ndani mnakunja nguo, nawasikia mnavyocheka. Kesho saa kumi na mbili tutakuwa stendi, na baada ya hapo utakuwa mtoto wa watu wengine kwa miezi mitatu mitatu. Nilikuwa nimepanga kukuacha uende hivyo hivyo. Kilichonifanya nitafute kalamu ni neno ulilolisema leo baada ya chakula.

Shangazi alikuuliza kama unaogopa kulala na wasichana wa kila kona ya nchi usiowajua. Ukamjibu, huku unalamba kijiko, "Siogopi mtu. Lakini wakiniweka kitanda kimoja cha deka na Mjaluo, mi nitalala chini. Hao watu walimla Gunia." Shangazi akacheka, akasema sasa umekuwa mtu mzima. Mimi nikainuka, nikaenda nyuma ya choo cha ploti, nikatapika. Ulinifuata na kikombe cha maji ukidhani ni yale maharagwe. Hayakuwa maharagwe.

Gunia hakuliwa na mtu, Mwende. Alikufa kwa uchafu ambao mimi baba yako nilikataa kuupangusa. Na mtu aliyekaa chini sakafuni akamsafisha ni Baba Akinyi, jirani yetu, yule yule unayemchukia tangu Januari.

Ningeweza kukomea hapo, maana hilo ndilo la kweli lote. Lakini naona ukipewa mfupa mtupu utaurusha. Nisomee mpaka mwisho.

Nianzie Lavington, siku tuliyomchukua. Ile familia iliyokuwa naye ilikuwa inahama nchi kabla ya kura, nami niliitwa kuwatengenezea makreti ya vyombo vyao. Ulikuwa umemaliza mtihani wa darasa la nane, ukaja kunishikia misumari. Mama mwenye nyumba akatoka nje amekumbatia kitu kifuani, mkono mmoja chini ya makalio yake, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Mimi nilidhani ni mbwa. Alipomweka chini nikaona masikio. Sungura wa kilo saba, jike, ngozi ya kidevu imejikunja kama skafu, miguu ya nyuma mirefu kama viatu vyangu. Mama yule akasema kule waendako hawawezi kwenda naye, na kwamba alishakataa kumpa watu wawili kwa sababu macho yao yalikuwa ya mchuzi.

Macho yangu pia yalikuwa ya mchuzi. Niliangalia chini tu, asiyaone. Akaniuliza kama ninaweza kuapa kwamba hatutamla. Nikaapa kwa jina la Mungu, huku moyoni nikihesabu siku zilizobaki kufika Krismasi. Unajua kwetu Ukambani mtu hachezi na kiapo. Mimi nilicheza nacho pale pale kwenye nyasi za watu, na msumari mdomoni. Nakuambia ili ujue kwamba uongo wangu juu ya mnyama yule haukuanzia hapa Kawangware.

Wewe ndiye uliyemwokoa na Krismasi. Mama yule alikupa karatasi mbili za maelezo kwa Kiingereza, nawe ukanisomea njia nzima ukinitafsiria. Sakafu yake isiwe ya waya kwa maana uzito wake utamtoboa nyayo. Nyasi kavu zisikosekane mchana na usiku, kwa kuwa meno yake hayaachi kukua. Asiinuliwe kwa masikio. Awekwe kivulini, kwa sababu joto linaweza kumwua. Halafu kuna mstari uliousoma mara mbili: kwamba sungura wa aina hii akinenepa hafikii nyuma yake kujisafisha, kwa hiyo mwenye kumfuga lazima aangalie huko kila siku na ampanguse.

Nilicheka mpaka nikasimama. Nikakuuliza, "Yaani nimwoshe sungura nyuma, kama mtoto mchanga?"

"Si wewe, baba. Mimi," ukasema. Na wewe hukucheka.

Nilimtengenezea kizimba kwa mabaki ya mbao, kikala nusu ya chumba chetu pale Soweto West, Kibera. Nilimwita Gunia kwa kejeli, maana alikuwa amejaa sakafuni kama gunia la mkaa, nawe ukalishika jina hilo kunikomoa. Jioni mlikuwa mkienda wewe na Akinyi kukata nyasi kando ya reli, mnazianika juu ya bati letu, na ukuta mmoja kati yetu na kwao ulikuwa unapitisha kicheko chenu chote. Baba Akinyi alikuwa akitoka kwenye kibanda chake cha kinyozi anasimama mlangoni, anauliza, "Mgeni ameshinda aje?" Alimwita mgeni. Mimi nilimwita hasara.

Nikwambie kitu ambacho mama yako, huko nyumbani Ukambani, anakijua na wewe hukijui. Mimi ni mtu wa kinyaa. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Maziwa yakifanya utando sinywi, nikiona unywele kwenye ugali nimeshiba. Ulipokuwa mchanga sikukubadilisha nepi hata siku moja. Mama yako alisema baba ni fundi, mikono yake ni ya mbao, nami nikaliacha neno hilo linitetee. Wanaume wengi tunaishi chini ya maneno kama hayo, na yanatutosha mpaka siku tunapoachwa peke yetu na kiumbe mchafu.

Kwa hiyo Gunia alinichukiza toka siku ya kwanza. Manyoya yake yaliingia kwenye gundi yangu. Mkojo wake ulikuwa unawasha macho. Na ile asubuhi nilipomkuta ameinama anakula choo chake laini moja kwa moja, nilichukua ufagio. Ukanishika mkono. Ukasema karatasi imeeleza, kwamba hicho si uchafu bali ni chakula anachopaswa kukila mara ya pili, asipokila anaugua. Nilikujibu kwamba mnyama anayekula choo chake hawezi kukaa nyumba moja na Mkristo. Nakumbuka nilivyojiona msafi nikisema hivyo. Tangu siku ile nimeona watu wakila vibaya zaidi, nami nikiwa mmoja wao, na hakuna aliyetushikia ufagio.

Kura ikapigwa. Siku zile za kungojea matokeo mtaa ulinyamaza kimya kisicho kizuri, nikaona nikulete huku kwa shangazi yako, mtaa wa Congo hapa Kawangware. Tulishindwa kuja na Gunia. Kila gari tulilosimamisha, kondakta aliangalia lile kreti akacheka. Nikakuambia ni siku mbili tu, mambo yakitulia nitakurudisha. Ulilia. Halafu ukapangusa uso, ukachukua kile kitambaa cha kijani, nusu ya sketi yako ya zamani ya shule, ukanionyesha: maji ya uvuguvugu, unapangusa hivi, unakausha, unaangalia. Ukakitundika kwenye msumari juu ya kizimba.

"Asubuhi na jioni, baba. Usisahau."

Nikasema ndiyo. Mimi ni mwepesi sana wa kusema ndiyo. Hilo utaliona tena mbele.

Matokeo yalivyotangazwa umeyasikia na yaliyofuata umeyasikia, tena umeyasikia mno, na wengi wanaokusimulia wanafurahia kupita kiasi. Sitakurudia moshi. Nitakuambia langu tu. Nilijifungia ndani na randa zangu na misumeno. Baba Akinyi alikwenda kona pale walipokusanyika vijana, akawaambia fundi wa mlango wa pili ni wetu, asiguswe. Basi mlango wangu haukugongwa. Siku zote tisa, hakuna aliyegonga mlango wangu kwa ubaya. Niliwasikia wakipita, nikawasikia wakienda kwa wengine, na kwangu hawakusimama. Tafadhali lishike hilo, kwa sababu hapa Kawangware sijawahi kulisema.

Nyasi kavu ziliisha siku ya tatu. Kule kando ya reli nyasi zilikuwepo, mbichi, hatua chache tu kutoka mlangoni. Siku mbili za kwanza niliogopa kutoka, na haki ya Mungu zilikuwa siku za kuogopa. Siku zilizofuata nilikuwa mvivu na bado nikaendelea kuuita woga. Nilimpa ugali baridi na majani ya juu ya kabeji. Tumbo lake likaharisha, nami nikanusa nikajua. Nilikuwa nafungua kizimba nimefunga pua kwa shati, natupa kabeji, nafunga. Kitambaa chako kilikuwa pale kwenye msumari, kikavu. Kila asubuhi nilikiangalia nikajiambia kesho. Inzi walikuwa wengi, takataka zilikuwa hazizolewi mtaa mzima, nikajiambia inzi ni wa kila mtu.

Mwende, ukipewa kitu cha kutunza huko uendako, iwe ni zamu ya choo au ni mtu mgonjwa kitandani, kinyaa kitakuja. Hakina aibu, kinamjia kila mtu. Mimi nilikosea kwa kukiamini. Kiliniambia kwamba mchafu ni yule mnyama, na kwamba mimi niliyesimama mbali na pua imefungwa ndiye msafi.

Siku ya tisa hakuja kula. Nikamwinua, na ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu uondoke. Nikamgeuza. Nitakuandikia mara moja tu na nisiulizwe tena: alikuwa na mabuu nyuma, hai, wengi, wameingia ndani ya nyama. Naye alikuwa anasaga meno polepole. Karatasi yako ilisema sungura hana sauti ya kulia, maumivu yakimzidi husaga meno. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kwa siku mbili nikadhani anatafuna mbao.

Nilimfunika blanketi. Nikafungasha vyombo vyangu vya kazi kwenye mfuko, nikatoka, nikafunga mlango. Ndiyo. Nilikuwa ninamwacha humo ndani. Nilikuwa nimeshaupita mlango wa Baba Akinyi na mfuko uko begani aliponiuliza, kama alivyouliza kila siku, mgeni ameshinda aje. Kama asingeuliza ningekuwa nimekwenda zangu. Hili hata mama yako sijamwambia.

Alikuja na mkasi wake wa kazi, chanuo, beseni, chumvi, na kile kitambaa kikubwa anachowafunga wateja shingoni. Akakaa chini sakafuni kwangu, akamlaza Gunia mapajani juu ya kitambaa kile. Akinyi akapasha maji jikoni kwao, analeta na kurudi, analia bila sauti. Baba yake akakata manyoya yaliyogandamana, akaanza kutoa mabuu mmoja mmoja kwa ncha ya chanuo, anaosha kwa maji ya chumvi, anatoa tena. Mikono mitupu. Harufu ilikuwa ya kukimbiza mbwa. Mimi nilisimama ukutani.

Akaniambia, "Baba Mwende, shika kichwa. Usiangalie kama huwezi. Shika tu."

Nikashika kichwa, nikaangalia ukuta. Nilikaa hivyo karibu saa mbili. Alikuwa anamsemesha kwa Kijaluo, taratibu, namna ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Kuna wakati aliniuliza mtoto alikuwa akimsafishia nini. Nikamwonyesha msumari. Akanyoosha mkono akachukua kitambaa chako, akakisugua kati ya vidole. Kilikuwa kimekauka kama karatasi, na kinyozi anajua kitambaa kilichotumika na kisichotumika. Akaniangalia. Akakichovya majini akaendelea.

Gunia alikufa kabla ya saa sita mchana. Baba Akinyi alikaa naye mapajani kwa muda hata baada ya hapo, halafu akasema tumejaribu. Akachukua jembe, akamchimbia kando ya reli, pale mlipokuwa mkikata nyasi, shimo refu ili mbwa wasimfukue. Alichimba peke yake. Ningependa kukuambia sikuwa na nguvu. Nguvu nilikuwa nazo.

Kisha akanisindikiza mpaka mtaa wa Ayany, ameshika upande mmoja wa mfuko wangu wa vyombo, ili nisipite pale kona peke yangu. Tulipoachana akaniambia, "Msalimie mtoto. Mwambie tulijaribu." Hizo ndizo salamu zake. Nimechelewa nazo majuma mengi. Leo nimezifikisha.

Nilitembea Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, kisha hapa. Unajua jinsi ploti hii ilivyokuwa siku zile. Kila aliyefika kutoka Kibera aliketishwa kwenye kile kiti cha mlangoni, akapewa chai, na watu wakakusanyika kungoja kisa chake. Aliyechomewa alisema, aliyepigwa alionyesha kovu. Mtu asiye na kisa aliangaliwa kama amekunywa chai ya bure. Mimi nilikuwa na nini? Mlango usiogongwa. Vyombo vyangu vyote begani, nimesindikizwa na Mjaluo. Ningesema hayo kwenye kiti kile wangenitazama vipi?

Wewe ukapenya katikati yao, ukauliza jambo moja tu, Gunia yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo shangazi yako akadakia, "Wamemla, sivyo?" Wote wakaniangalia. Na wewe ukaniangalia. Nikaona njia imefunguliwa mbele yangu, pana, safi, isiyo na msumari wala kitambaa.

"Ndiyo," nikasema. "Wamemla."

Neno lile lilikuwa tamu, Mwende. Wallahi lilikuwa tamu. Kifua kililegea. Nikanywa chai nikaongezewa. Ulipopiga yowe nilikushika ukanilalia begani, na nilikubali kufarijiwa kwa uongo wangu mwenyewe. Nikifikiria mkono wangu ulivyokuwa unakupapasa mgongo, ule mkono uliokataa kumgusa mnyama wako, natamani kuuosha kwa mchanga.

Sikujua uongo unakua. Mbao ukiikata inabaki pale ulipoikatia, lakini neno hapana. Baada ya siku mbili Gunia alikuwa amechinjwa mbele yangu. Baada ya juma alikuwa amechinjwa mbele yako, wewe uliyekuwa huku Kawangware. Nilisikia mtu nisiyemjua akisimulia pale kwenye bomba la maji, nami nikachota maji yangu nikaondoka.

Na unamkumbuka Mama Achieng aliyekuwa akiuza dagaa wa omena getini. Siku mwenye ploti alipomwambia afunge virago, majirani walitoka kumtazama, na mmoja wao akamrushia neno: "Nyinyi mnakula mpaka sungura za watoto." Yule mama hakuelewa. Aligeuka akauliza, "Sungura gani?" Alinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, akidhani nitamweleza. Nikamfungulia geti apitishe beseni lake. Nilijiona muungwana kwa kumfungulia geti. Sijui alienda wapi, na mpaka leo sijamtafuta.

Sasa wakubwa wa siasa wamepeana mikono. Juzi tulikuwa wote mbele ya televisheni ya duka tukiwaangalia wanavyotabasamu na kumiminiana chai, na wanaume wa hapa wakatema mate. Nami nilitaka kutema. Lakini nilikumbuka chai yangu na kile kiti, nikameza. Wao wana hesabu yao na Mungu. Mimi sikutumwa na mkubwa yeyote kusema ndiyo.

Jumamosi iliyopita nilikuambia naenda Kibera kuangalia mbao nilizoacha. Nilizikuta zote. Baba Akinyi alikuwa amezifunika turubai. Kibanda chake kimefunguliwa, ana mteja kitini, akaniona akaweka mkasi chini, ule ule, akanishika mkono kwa mikono miwili. Hajui chochote. Hajui kwamba upande huu wa mji ana jina la mla sungura. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mtoto alilia sana?"

Nikamwambia ndiyo, alilia. Mara hii ndiyo yangu ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Akinyi naye ameitwa kidato cha kwanza, upande wa kwao. Alitoka ndani akaniuliza jina la shule yako, anataka kukuandikia. Alisema amekuandikia tayari nusu ya barua, kuhusu Gunia na pale alipozikwa, amepanda kitu pale, hakuniambia ni nini. Nikampa jina la shule. Singeweza kumnyima huku baba yake amesimama na mkono wangu mkononi.

Kwa hiyo sitaki unione shujaa. Barua ya Akinyi inakuja. Sehemu ya sababu ya mimi kukaa juu ya sanduku hili ni kwamba nimeogopa ikufikie kabla ya yangu. Sehemu nyingine ni lile neno lako la leo mchana. Nimejaribu kuzipima ipi ni nzito na nimeshindwa. Lakini nilipokusikia ukisema utalala chini, uliongea kwa sauti yangu, na sijawahi kuichukia sauti yangu namna ile. Ulikuwa mtoto uliyempangusa mnyama nyuma asubuhi na jioni bila kukunja uso, na mimi nimekufundisha kukunja uso kwa ajili ya msichana ambaye hujamwona bado.

Sina ushauri mkubwa. Ukiulizwa jambo na jibu likawa limeshawekwa mdomoni mwako na wengine, ngoja kidogo kabla ya kulimeza. Mimi sikungoja. Na huko bwenini akiwepo mtu atakayekusaidia kazi ambayo wewe umeikimbia, angalau ujue jina lake, ulitaje sawasawa unaposimulia.

Nikimaliza hapa nitaingia ndani. Nitakaa kwenye kiti kile kile cha mlangoni, nitamwambia shangazi yako na yeyote atakayekuwepo. Atakasirika, atasema namwaibisha mbele ya majirani, na huenda akasema nimerogwa. Usinitetee. Ukitaka kutoka nje wakati nasema, toka. Sitakuangalia usoni ili usijione unalazimishwa kusamehe kesho tukiwa safarini.

Na kesho, kama hutaki niwe mimi wa kukubebea sanduku, mwambie shangazi akupeleke. Nitaamka hata hivyo. Nitakuwa hapa koridoni.

Kitambaa chako cha kijani nimekiweka ndani ya sanduku, chini ya shuka, upande wa kulia. Nilikichukua Jumamosi nikakificha kwenye mfuko wa randa juma zima, nikishindwa namna ya kukuletea. Ukikinusa utasikia sabuni ya kinyozi. Alikiosha Baba Akinyi, akakikunja mara nne, akanipa kwa mikono miwili akisema ni cha mtoto, kisipotee.

Ni mimi,
Baba yako